Nyumba Zilizo Njiani mwa Moto: Uhakiki wa Majawabu Mawili Kuhusu Bima

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa mas-ala ya miamala wanayoulizwa maimamu wa Marekani, lipo moja ambalo uzito wake umezidi tangu mwezi wa Januari 2025. Nalo ni hili: Muislamu mwenye nyumba katika sehemu zinazoandamwa na moto wa nyika, je, aikatie bima nyumba yake au aache? Mas-ala yenyewe ni ya California, wala hatutaki kuyafanya kuwa ya kwetu. Tunayaleta mbele ya wasomaji kwa kuwa majawabu yanayotolewa yametoka katika elimu ile ile inayosomeshwa katika darsa zetu, na kwa kuwa wapo jamaa zetu wanaoishi nchi ile ambao wakitatizwa huwapigia simu masheikh wao wa Mombasa, Lamu na Unguja.

Majawabu tunayoyasikia ni mawili. La kwanza husema: bima ya biashara ni haramu, basi na aiache na amtegemee Mola wake. La pili husema: mwenye nyumba amelazimika, na dharura huhalalisha kilichokatazwa, basi na aikate wala asijisumbue. Kila jawabu lina asili yake katika elimu, na waliolisema ni watu tunaowaheshimu. Hata hivyo tunaona kwamba yote mawili yamekwenda haraka. Wanavyuoni wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu kilivyo. Hapa hukumu imetangulia, na ufahamu wa mkataba wenyewe umeachwa nyuma. Kwa hiyo tutaanza kwa kueleza hali ilivyo, kisha tuyapime majawabu hayo moja moja.

Hali ilivyo

Tarehe 7 Januari 2025, wakati wa ukame na upepo mkali, mioto miwili mikubwa ilizuka katika wilaya ya Los Angeles. Mmoja ni wa Palisades, upande wa baharini, na wa pili ni wa Eaton, ulioingia mji wa Altadena chini ya milima ya San Gabriel. Watu 31 walifariki na majengo zaidi ya 16,000 yaliteketea. Nyumba ya Mwenyezi Mungu nayo haikusalimika, kwani Masjid Al-Taqwa wa Altadena uliungua pamoja na nyumba za jirani zake. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 8 Novemba 2018, moto uliopewa jina la Camp Fire uliuangamiza mji wa Paradise, kaskazini mwa California. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yakawa majivu.

Mkataba wa bima ya nyumba huko kwa kawaida ni wa mwaka mmoja. Mwenye nyumba hulipa ada, na nyumba ikiungua ndani ya mwaka ule shirika humlipa kwa masharti yaliyoandikwa. Baadhi ya hati hulipa gharama ya kuijenga nyumba upya. Nyingine hulipa thamani ya nyumba baada ya kutoa uchakavu wake. Mwaka ukimalizika, shirika lina hiari ya kuendelea naye au kumwandikia kwamba haliendelei. Sheria ya California inalitaka shirika litoe taarifa siku 75 kabla. Vilevile, kwa sheria ya mwaka 2018, moto ukitangazwa kuwa janga, mashirika hayaruhusiwi kwa muda wa mwaka mmoja kuwaacha wenye nyumba zilizo ndani ya eneo la moto ule au kandokando yake. Mwaka huo ukipita, hiari ya shirika hurejea.

Hiari hiyo imetumika. Mwezi wa Mei 2023, State Farm, shirika kubwa kuliko yote kwa bima za nyumba katika jimbo hilo, lilisitisha kupokea maombi mapya. Machi 2024 likatangaza kwamba halitaendelea na hati zipatazo 72,000 za nyumba na majengo ya kupangisha. Sababu zilizotajwa ni kupanda kwa gharama za ujenzi, kukua kwa hatari ya majanga, na ughali wa bima ambayo mashirika yenyewe hujikatia kwa mashirika makubwa zaidi. Mashirika pia yamelalamikia sheria iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 1988, inayotaka ada mpya zipate kwanza idhini ya Kamishna wa Bima.

Walioachwa hukimbilia mfuko uitwao FAIR Plan. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria mwaka 1968, lakini si mali ya serikali. Ni jumuiya ambayo mashirika yote yenye leseni ya kuuza bima za mali katika jimbo yanalazimika kuwa wanachama wake. Kinga yake ni ya moto na mambo machache mengine. Mwenye kutaka kinga ya wizi au ya maji hukata hati nyingine pembeni. Mwezi wa Februari 2025 mfuko ulielemewa na madai ya Los Angeles, ukaruhusiwa kuwatoza wanachama wake dola bilioni 1, nayo mashirika yakaruhusiwa kuomba kurudishiwa hadi nusu ya fedha hizo kutoka kwa wateja wao, hata wale wanaoishi mbali na moto.

Jambo la mwisho la kufahamu ni kwamba sheria ya jimbo haimlazimishi mtu kuikatia bima nyumba yake. Anayemlazimisha ni aliyemkopesha fedha za kuinunulia. Hata mashirika ya fedha ya Kiislamu yanayofanya kazi huko huweka sharti hilo hilo. Mwenye nyumba akiiacha bima ikatike, mkopeshaji humkatia nyingine na kumtoza yeye gharama, na mara nyingi huwa ghali zaidi, tena humkinga mkopeshaji kuliko mwenye nyumba.

Jawabu la kwanza

Wanaosema "ni haramu, aiache" wana ushahidi wenye nguvu. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), ni katika fuqahaa wa mwanzo walioandika juu ya bima. Katika kitabu chake Radd al-Muhtar anaeleza desturi ya wafanyabiashara waliokodi jahazi za wageni, wakalipa kodi ya jahazi, na juu yake wakalipa kiasi maalumu kwa mtu aliye katika nchi ya wageni hao ili awadhaminie mali ikiungua, ikizama au ikiporwa. Ibn Abidin aliona kwamba si halali kwa mfanyabiashara kuchukua badala ya mali iliyoangamia kwa mkataba huo, kwani mdhamini amejilazimisha jambo ambalo Sharia haimlazimishi.

Katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha pili kilichofanyika Jeddah mwezi wa Disemba 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye ada maalumu una gharar kubwa inayoufisidi, na kwa hiyo ni haramu. Kabla yake, mwaka 1978, Majmaa ya Makka ilikwisha sema hivyo kwa kauli ya wengi, akakhalifu Sheikh Mustafa al-Zarqa. Msingi wa wote ni hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar.

Sisi hatuna ugomvi na hukumu hiyo. Ugomvi wetu ni na namna inavyofikishwa kwa mwenye nyumba.

Kwanza, waliotoa jawabu hili wamechukua nusu ya azimio la Jeddah. Azimio lile halikuishia kwenye katazo. Lilionyesha badala yake, nayo ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya tabarrui na kusaidiana, na likaziita nchi za Kiislamu ziisimamishe. Imamu anayemwambia muulizaji "acha" pasi na kumwonyesha wala kumsaidia kuipata badala yake, ametoa fatwa iliyokatwa kati.

Pili, jawabu hili limeitumia tawakkuli pasipo pake. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na juu ya moto hasa tunayo hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim: nyumba moja ya Madina iliwaungukia wenyewe usiku, Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao akatanabahisha kwamba moto ni adui, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Hakuwaambia watu wa Madina kwamba yaliyopita ni kadari na wakanyamaza. Alitoa amri ya kujikinga. Vilevile alimzuia Saad bin Abi Waqqas (R.A.) kuusia mali nyingi, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wake na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Tatu, jawabu hili halikuutazama mkataba. Mwenye nyumba aliye na deni hawezi kuiacha bima kwa kutaka tu. Akiiacha, mkopeshaji atamkatia iliyo ghali zaidi na yenye manufaa machache kwake. Kwa hiyo aliyeambiwa ajiepushe na gharar anaingizwa katika gharar kubwa zaidi, na sheikh wake hana habari.

Jawabu la pili

Wanaosema "ni dharura" nao wana ushahidi. Aya ya 173 ya Suratul-Baqara imemwondolea dhambi mwenye kulazimika. Imamu al-Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair ameitaja kanuni kwamba haja hushuka mahali pa dharura, iwe ni ya watu wote au ya baadhi yao. Wapo wanavyuoni wa Ulaya na Marekani walioruhusu bima ya biashara pale sheria inapolazimisha, au haja inapokuwa kubwa na takaful haipatikani.

Tunalolikosoa hapa ni lile neno "asijisumbue". Aya hiyo hiyo iliyoruhusu imemfunga mwenye kulazimika kwa masharti mawili, kwamba asiwe mwenye kuitamani haramu wala mwenye kuvuka mpaka. Na kanuni inayofuatana na ile ya kwanza ni kwamba kilichohalalishwa kwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Sasa na tuwatazame watu watatu walio katika bonde moja.

Wa kwanza ni mzee aliyehamia mji mdogo wa milimani kwa sababu bei za nyumba za mjini zimemshinda, na nyumba ile ndiyo mali yake yote. Wa pili ni baba mwenye mkopo, ambaye bima ni sharti la mkopeshaji wake. Wa tatu ni tajiri mwenye nyumba mbili mjini, anayejenga ya tatu juu ya kilima chenye miti mikavu ili aione bahari, na hangediriki kujenga pale lau si kujua kwamba bima italipa. Wawili wa mwanzo wana haja iliyo dhahiri. Huyu wa tatu hakulazimishwa na mtu. Hatusemi kwamba kujenga kilimani ni maasi, lakini nyumba ile kwake ni katika mambo ya kujipambia maisha, na Usuli umeyatenga mambo hayo na dharura na haja. Jawabu linalowapa watatu hawa ruhusa moja kwa neno moja halikukadiria kitu.

Kukadiria kunaingia pia katika kiasi cha bima. Mwenye haja akate ya kumwezesha kuirudisha nyumba yake, asiifanye kuwa njia ya kuchuma. Na akilipwa fidia, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema achukue kiasi alicholipa katika ada zake, na kinachozidi akitoe katika mambo ya kheri. Wapo wanaosema aichukue yote kwa kuwa aliingia kwa ruhusa. Imamu anayesema "asijisumbue" amemnyima muulizaji elimu ya khitilafu hii, naye ataihitaji siku hundi itakapomfika mkononi.

Gharar iko wapi hasa?

Yote mawili yanaitafuta gharar mahali pamoja, yaani katika kutojulikana kama nyumba itaungua au haitaungua. Hiyo ni kweli, lakini mikataba ya California imetuonyesha gharar nyingine iliyo nzito zaidi: haijulikani kama mkataba wenyewe utakuwapo siku moto utakapokuja.

Sheikh Mustafa al-Zarqa, tangu wiki ya Fiqhi iliyofanyika Damascus mwaka 1961, aliitetea bima kwa hoja mbili kubwa. Moja, kwamba bima ni namna ya watu kusaidiana katika kubeba hasara. Pili, kwamba anachopata mlipaji kwa ada yake ni amani, nayo ameipata tangu siku ya kutia saini, moto uje usije. Hoja ya pili ni ya mtu mwenye akili pana, na miaka mingi imewatatiza waliompinga.

Lakini hebu tuipime kwa mtu aliyelipa miaka 20 bila kudai hata senti. Misimu ya moto ikarefuka, majirani wa bonde la pili wakaungua, na ndipo barua ikamfika kwamba mwaka ujao hana bima. Amani aliyouziwa ilikuwa ya miezi 12, kisha 12, na imeondolewa wakati khofu ilipokuwa ya kweli. Atakayesema kwamba kila mwaka ni mkataba mbali, na kwamba shirika halikuvunja ahadi, amesema kweli. Sisi hatulishitaki shirika kwa khiyana. Tunasema kwamba muuzaji ana haki ya kuacha kuuza, na hilo lenyewe ndilo linaloonyesha kwamba hapa pana muuzaji na mnunuzi, hapana wenye kusaidiana. Hoja ya kwanza ya Sheikh Zarqa inaangukia hapo, na ya pili inabaki na nguvu ya mwaka mmoja mmoja tu.

Je, gharar hii ni ndogo inayosamehewa? Imamu Nawawi katika sharhe yake ya Sahihi Muslim ametaja gharar zilizosamehewa kwa ijmai: joho lenye pamba ndani isiyoonekana, nyumba inayokodiwa kwa mwezi ambao huwa na siku 29 au 30, na kuingia hamamu kwa malipo hali watu hutofautiana katika kutumia maji. Katika mifano yote hiyo kilichofichika ni kidogo, na makusudio ya mkataba yanapatikana. Katika bima ya nyumba iliyo njiani mwa moto, kilichofichika ni makusudio yenyewe.

Kuna jambo la pili, nalo tunalipata kwa Ibn Abidin mwenyewe. Alipokuwa akiijadili bima ya jahazi alijiuliza: kwa nini tusiifananishe na mtu anayemwambia mwenzake, "Pita njia hii, na ikiwa ni ya khatari mali yako ikachukuliwa, mimi ni mdhamini"? Mtu huyo kwa Mahanafi hulipa. Akajibu kwamba hapo pana kughuri, na sharti ya kughuri ni mwenye kughuri aijue khatari na mwenye kughuriwa asiijue. Mwenye bima ya jahazi hajui kama jahazi litazama, na hakusudii kumghuri mtu.

Jawabu hilo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Leo mashirika yana programu za kompyuta zinazoipima nyumba moja moja kwa mteremko wa ardhi, aina ya miti, paa na umbali wa barabara, na tangu mwisho wa mwaka 2024 kanuni za California zinayaruhusu kuzitumia katika kupanga ada za moto wa nyika. Ujuzi wa khatari, ambao Ibn Abidin aliuona haupo kwa mdhamini, umekuwa kwake zaidi kuliko kwa mwenye nyumba. Hatusemi kwamba hilo linaifanya bima kuwa halali. Tunasema kwamba linamtia mdhamini katika wajibu wa kubainisha, kwa sababu kuuza hali unajua usichomwambia mnunuzi ni ghishi. Kwa insafu tutaje kwamba kanuni za jimbo za mwaka 2022 zinayataka mashirika yamwonyeshe mwenye nyumba alama ya khatari aliyopewa na yampunguzie ada akichukua hatua za kujikinga. Hilo ni jema na linakubaliana na Sharia yetu. Hata hivyo wengi hugundua baada ya moto kwamba kiasi kilichoandikwa katika hati hakitoshi kuijenga nyumba iliyoungua.

Nguo ya Ash'ariyyun na mipaka yake

Badala ya bima ya biashara ni takaful, na kila anayeitetea huitaja hadithi ya Ash'ariyyun, ambayo mpokezi wake ni yule yule Abu Musa (R.A.) aliyetupokelea hadithi ya moto. Watu wa kabila hilo chakula kilipowapungukia vitani au mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwamba wao ni katika yeye naye ni katika wao. Hapo hakutolewa mtu kwenye nguo kwa kuwa chakula chake ndicho kilichopunguka zaidi. Hii ndiyo tofauti ya asili kati ya kusaidiana na kuuziana.

Lakini tusiwadanganye watu. Watetezi wa takaful nao wanahitaji kuhakikiwa. Moto wa nyika hauunguzi nyumba moja kati ya elfu. Huunguza elfu kwa usiku mmoja. Waislamu wa bonde moja wakiweka mfuko wao peke yao, siku ya moto wote watakuwa wadai na hapatakuwa na mlipaji. Hata FAIR Plan, iliyoyakusanya mashirika ya jimbo zima, ilielemewa.

Fuqahaa waliiona shida hii walipoweka hukumu za aqila, yaani jamaa wanaobeba diya ya aliyeua kwa kukosea. Diya hulipwa kwa miaka mitatu. Katika madh-hebu yetu ya Shafii, tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, wa kati robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Jamaa wasipotosha, Baitul-mali huingia. Kwa Mahanafi huongezwa makabila yaliyo karibu. Fundisho ni kwamba mzigo mkubwa hupanuliwa watu mpaka usimwangushe mmoja, na kila mtu hubeba kwa kadiri yake.

Kwa hiyo takaful ya nyumba haina budi iwakusanye wa bondeni na wa mjini, wa jimbo hili na wa mbali. Wala si lazima michango iwe sawa. Aliyesafisha uwanja wake na kubadilisha paa lake si sawa na aliyeacha majani makavu ukutani, na kumtoza wa kwanza kwa uzembe wa wa pili si uadilifu. Kwamba takaful inaweza kufanya kazi katika janga linalowapiga wengi kwa pamoja, tumeliona karibu nasi: mwaka 2014 wafugaji wa Wajir, Kenya, walilipwa kwa mkataba wa takaful uliohusu ukame. Ukame kama moto haumchagui mtu mmoja.

Ajibiwe vipi mwenye kuuliza?

Imamu aliyeulizwa asianze na hukumu, aanze na maswali. Je, nyumba ina deni, na mkopeshaji ameweka sharti gani? Je, ni makazi ya watu wanaomtegemea au ni nyumba ya ziada? Je, ipo takaful au jumuiya ya kusaidiana anayoweza kuingia? Je, hati yake inalipa gharama ya kujenga upya au thamani iliyochakaa? Baada ya hapo, mwenye haja ya kweli aliyekosa badala tunaona ana ruhusa, kwa kiasi cha haja yake na muda wa haja yake. Asiye na haja abaki katika asili, nayo ni katazo.

Amwambie pia kwamba kukata bima hakumwondolei wajibu wa kujikinga. Sheria ya California inawataka wenye nyumba katika sehemu za khatari wasafishe hadi futi 100 kuzunguka nyumba zao, na nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazoruka na upepo zikatua kwenye majani makavu ya paa na ya ukutani. Kuyaondoa ni katika kuondoa madhara, tena ni haki ya jirani, kwani nyumba ikishika moto huiwasha ya pili. Fuqahaa wamesema kwamba anayewasha moto katika ardhi yake siku ya upepo mkali ukamwunguzia jirani, huwa mdhamini. Camp Fire ya 2018 iliwashwa na nyaya za shirika la umeme la Pacific Gas and Electric, na mwaka 2020 shirika hilo lilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Dhamana ya mwenye kuharibu hutangulia bima yoyote, na mwenye nyumba asiiache haki hiyo.

Mwisho tunawakumbusha wenzetu wenye elimu. Ruhusa ya dharura ikikaa miaka 40 bila ya mtu kuitafutia njia ya kutokea, watu huisahau kuwa ni ruhusa, wakaiona ndiyo asili. Tangu azimio la Jeddah la mwaka 1985 hadi moto wa Altadena imepita takriban miaka 40, na mara nyingi Muislamu wa California hana takaful ya nyumba ya kuikimbilia. Kusimamisha badala ni faradhi ya kutosheleza, na dhambi ya kuiacha inawarejea wote wenye uwezo: wenye mali, wenye ujuzi wa hesabu za bima, na sisi tunaotoa fatwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika waja wake waumini, awape waliounguliwa badala iliyo bora, na atuonyeshe haki tuifuate. Wallahu aalam.